Mwani wa Uskoti: Kutoka Majivu hadi Jeli ya Kunasa Metali

Mwani wa kahawia wa visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Uskoti, ulianza kuchomwa kwa ajili ya biashara mwaka 1722, James Fea alipoanzisha kazi hiyo kisiwani Stronsay. Kilichotafutwa ni majivu yake, yaliyojaa magadi na potashi, mali iliyohitajiwa na watengenezaji wa vioo na sabuni. Mwani ulianikwa, ukatiwa ndani ya shimo la kina kifupi lililojengewa mawe, ukaachwa uungue polepole kwa saa nyingi. Majivu yalipoanza kuyeyuka yalikorogwa kwa reki za chuma, kisha yakafunikwa mpaka yagande kuwa bonge gumu la kijivu. Tani moja ya bonge hilo ilihitaji tani 20 hivi za mwani mbichi. Wanakijiji waliuchukia moshi wake. Waliamini unafukuza samaki na kudhuru kondoo, na mwaka 1742 walifanya ghasia Stronsay.

Vita vya Napoleon vilipokata magadi yaliyoagizwa kutoka Hispania, bei ya majivu ya mwani ilipanda hadi kufikia pauni 20 hivi kwa tani. Faida kubwa iliingia mifukoni mwa wenye ardhi. Waliozama majini hadi kiunoni kuvuna mwani walipata kidogo. Amani ilipopatikana, ushuru wa magadi ya kigeni na wa chumvi ukapunguzwa, magadi ya kiwandani yakaenea, na bei ikaporomoka. Familia nyingi zilizokuwa zikiishi kwa mwani ziliondolewa kwenye ardhi au zikahama ng'ambo.

Biashara haikufa kabisa. Mwaka 1811 Mfaransa Bernard Courtois alizidisha asidi ya salfa kwenye mabaki ya majivu ya mwani, ukafuka mvuke wa zambarau: iodini. Mahitaji ya dawa hiyo ya vidonda yaliendeleza uchomaji kwa miongo mingi.

Mkemia Mwingereza Edward Stanford aliona kwamba moto unapoteza sehemu kubwa ya mali. Aliloweka mwani kwenye maji ya magadi badala ya kuuchoma, na mwaka 1881 akatangaza kupata ute mzito ambao leo huitwa aljinati. Ute huo mara nyingi ni kati ya asilimia 20 na 40 ya uzito wa mwani mkavu, na kwa zaidi ya miaka 150 wote ulikuwa ukiteketezwa. Ni upotevu wa kusikitisha, kwa sababu hapo ndipo ulipokuwa uwezo wa kunasa metali.

Uwezo huo huonekana kwa macho. Tone la aljinati ya sodiamu likiangukia maji yenye kloridi ya kalsiamu hugeuka papo hapo kuwa punje laini ya jeli. Punje hiyo ikitiwa kwenye maji yenye shaba, hubadilika rangi kuwa buluu, maana shaba imeingia na kalsiamu imetoka. Maelezo yaliyokubalika zaidi yalitolewa Uingereza mwaka 1973: minyororo ya aljinati hujipanga sambamba, na ioni hukaa kwenye vishimo vilivyo kati yake kama mayai kwenye trei. Risasi hushikwa kwa nguvu kuliko shaba, na shaba kuliko kalsiamu.

Majaribio ya mabomu ya nyuklia yalipomwaga metali ya strontiamu yenye mionzi hadi kwenye maziwa ya watoto, watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walionyesha mwaka 1964 kwamba aljinati hupunguza kiasi kinachofyonzwa tumboni. Baadaye, chuoni hapo hapo, Bohumil Volesky alitumia mwani mkavu wenyewe kunasa kadimi kutoka kwenye maji.

Si kila mwani una uwezo huo. Ule unaolimwa Zanzibar kibiashara tangu 1989 ni mwekundu. Ute wake ni karajini, ambayo nayo huganda kuwa jeli lakini haina vishimo hivyo.

Punje za aljinati zina udhaifu wake. Asidi nyepesi huziondolea metali ili zitumike tena, lakini kila mzunguko huzidhoofisha. Maji yenye sodiamu nyingi au fosfati huzivimbisha na kuzivunja. Na kwenye maji yenye asidi kali, hidrojeni hukalia nafasi za metali. Kwa hiyo watafiti huichanganya aljinati na udongo wa mfinyanzi, makaa, au kitosani inayotokana na magamba ya kamba, ili punje ziwe imara na ziweze kupangwa ndani ya bomba la kuchujia maji.