Jembe na Nyumba

Leo tutajifunza jinsi watu wa Tanzania Bara walivyochagua wabunge mwaka 1965.

Wakati ule chama kilikuwa kimoja tu, TANU. Pengine utauliza: chama kikiwa kimoja, mwananchi atachagua nini? Sikiliza vizuri. Kwanza, wajumbe wa TANU walikutana wilayani. Waliwapima wote waliotaka ubunge, wakapiga kura ya siri. Halafu majina yalipelekwa kwa Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU, nayo ikateua wawili karibu katika kila jimbo.

Wagombea hao wawili walisema na watu katika mkutano mmoja. Ilikatazwa kuomba kura kwa kabila, rangi au dini.

Wapiga kura wengi hawakujua kusoma. Kwa hiyo mgombea mmoja alipewa alama ya jembe, na mwenzake alama ya nyumba. Mwezi wa Septemba watu walipiga kura, na hata mawaziri wawili walishindwa. Basi asiyejua kusoma aliweza kumwondoa waziri!

Lakini fikiri. Mpiga kura alichagua katika majina mawili tu. Kazi ya kuyapima ilianza katika mkutano wa wajumbe wachache. Tangu mwaka 1992 sheria inaruhusu vyama vingi, lakini kila chama huteua kwanza. Mwanachama asiyehudhuria mkutano wa chama chake huletewa majina waliyoyachagua wenzake.

Sasa andika sentensi moja: Kwa nini mkutano mdogo ni jambo kubwa?

Kwaherini.