Virunga: mafuta yalipata watetezi, kuni zikasahauliwa

Mbuga ya Virunga ilianzishwa mwaka 1925, wakati wa Wabelgiji, kwa jina la Mbuga ya Albert. Mwaka 1929 na miaka iliyofuata mipaka ilisogezwa mbele, na wakulima wengi wakapoteza mashamba. Mizozo ya mipaka hiyo haijaisha hadi leo.

Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Kivu ya Kaskazini kwa mamia ya maelfu. Kambi za Mugunga na Kibumba zilikuwa karibu kabisa na mbuga. Watu walitaka kupika, na miti ikakatwa. Mwaka huohuo UNESCO iliiweka Virunga kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Vita vya mafuta vilikuja baadaye. Mwaka 2010 kampuni ya Uingereza, SOCO, ilipata kibali cha kutafuta mafuta upande wa Ziwa Edward. Wanaharakati wa hapa walipinga, na baadhi yao walitishwa. Shirika la WWF lilipeleka kilio hicho Ulaya, na filamu ikakizungusha duniani. Juni 2014 SOCO ilikubali kusimamisha kazi. Watu walishangilia.

Lakini ushindi ule haukuingia katika sheria. Agosti 2015 sheria mpya ya mafuta iliacha mlango wa kuondolea eneo ulinzi ili lichimbwe. Julai 2022 serikali ya Kinshasa ilitangaza mnada wa maeneo 27 ya mafuta na 3 ya gesi, mengine yakigusa Virunga. Kelele zikaanza upya. Oktoba 2024 mnada ulifutwa. Miaka kumi ilipita, na waliopigana tangu mwanzo walijikuta palepale.

Wakati huohuo vita vya M23 vilisukuma familia nyingi kutoka Rutshuru hadi Kanyaruchinya, karibu na Goma. Mama aliyelala chini ya hema aliingia mbugani kutafuta kuni, kama ilivyokuwa mwaka 1994. Kule alihatarisha maisha yake. Umeme wa maji wa Matebe, uliojengwa na mbuga na kuzinduliwa mwaka 2015 ili kupunguza makala, haukufika kwenye hema lake.

Hapo ndipo uchungu unapotoka. Kampuni ya mafuta ina jina na ofisi. Unaweza kuiandikia barua na kuandamana mlangoni pake. Njaa ya kuni haina ofisi. Kwa hiyo siasa za mazingira zilikimbilia adui anayeonekana, na sufuria ya mkimbizi ikabaki bila mtetezi.

Kupinga mafuta hakukuwa kosa. Bila wale wanaharakati, huenda ziwa lingekuwa limetobolewa. Ila historia ya miaka mia moja inaonyesha jambo moja: kila anayemkataza jirani wa mbuga kukata mti anapaswa pia kumwonyesha atapikia nini jioni hiyo.