Gongo, Barafu na Kibali: Thamani ya Mshambuliaji wa Hoki Jijini London

Hoki wanayoijua wasomaji wengi wa Afrika Mashariki ni ile ya nyasi, ambayo iliipatia Kenya nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la mwaka 1971. London ya miaka ya 1930 ilikuwa na hoki nyingine, iliyochezwa juu ya barafu na watu waliovaa viatu vyenye vyuma vya kuteleza, wakigombea kisahani kigumu cha mpira, na katika mchezo huo viongozi wa timu walilazimika mapema kuamua mshambuliaji ana thamani gani na thamani hiyo ipimwe kwa kipimo gani.

Viwanja vya ndani vilijengwa kwa kufuatana: Richmond mwaka 1928, Streatham mwaka 1931, Empire Pool ya Wembley mwaka 1934 na Harringay mwaka 1936, na Ligi ya Taifa ya Uingereza iliyoanza msimu wa 1935–36 ilitegemea kwa sehemu kubwa timu za jiji hilo na viunga vyake. Kisheria wachezaji walikuwa wa ridhaa, yaani watu wasiofanya mchezo kuwa ajira, ingawa wengi walikuwa Wakanada waliovuka bahari kwa sababu ya hoki na hakuna aliyeamini kwamba walikuwa wakiishi kwa hewa. Kwa kuwa kwenye karatasi hapakuwa na mshahara, hapakuwa pia na bei ya wazi ya uhamisho kama ile iliyokwisha kuzoeleka katika soka ya Uingereza, na thamani ya mshambuliaji ikabidi itafutwe mahali pengine.

Mahali pa kwanza palikuwa uwanjani. Timu huwa na wachezaji sita kwenye barafu kwa wakati mmoja, na watatu kati yao ni safu ya ushambuliaji, yaani mshambuliaji wa kati na mawinga wawili, ambao huingia na kutoka pamoja kwa sababu mbio za barafuni huchosha haraka. Kwa hiyo aliyekuwa akimpima winga hakutosheka kuhesabu mabao yake. Alipaswa kuuliza ni nani aliyempa pasi, na kama winga huyo alirudi kukaba pale kisahani kilipopotea. Archie Stinchcombe, aliyecheza Streatham akiwa haoni kwa jicho moja na ambaye mwaka 1948 aliteuliwa nahodha wa Uingereza, ni mfano wa mchezaji ambaye orodha ya wafungaji peke yake haiwezi kumweleza.

Hata hivyo, kilichopandisha au kushusha thamani kuliko mabao kilikuwa karatasi. Chama cha hoki cha Kanada kilidai kwamba mchezaji asihamie ng'ambo bila kibali cha kumwachia, jambo ambalo wafuasi wa Simba na Yanga wanalielewa vizuri kila dirisha la usajili linapokaribia kufungwa. Mshambuliaji Alex Archer, aliyezaliwa West Ham jijini London na kukulia Winnipeg, alijiunga na Wembley Lions, naye kipa Jimmy Foster, mzaliwa wa Glasgow, akaenda Richmond Hawks chini ya kocha Percy Nicklin; Kanada ikawafungia wote wawili. Hivyo mchezaji yule yule alikuwa hazina mjini Wembley na mtoro machoni pa chama kilichomlea. Cheti cha kuzaliwa nacho kilikuwa na uzito wake, kwani mshambuliaji aliyezaliwa Uingereza na kufunzwa Kanada aliweza kuichezea timu ya taifa, na mtu wa namna hiyo alikuwa na thamani maradufu.

Mzozo huo ulifika Garmisch-Partenkirchen, Ujerumani, katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya Februari 1936, ambako Kanada ilipinga Archer na Foster kucheza, Waingereza wakatishia kujitoa, na hatimaye Kanada ikaondoa pingamizi lake kwa muda wa mashindano. Huenda viongozi wake waliujutia ungwana huo, kwa maana timu yao ilifungwa mabao 2–1. La kwanza lilitiwa na Gerry Davey wa Streatham katika dakika ya kwanza, na la ushindi likatiwa katika kipindi cha tatu na Edgar Brenchley, mzaliwa wa Sittingbourne katika jimbo la Kent aliyekulia Niagara Falls. Uingereza ikatwaa medali ya dhahabu, pamoja na ubingwa wa dunia na wa Ulaya uliohesabiwa katika mashindano hayo hayo, kwa washambuliaji ambao ufundi wao ulikuwa wa Kanada na vyeti vyao vya kuzaliwa, kwa wengi wao, vya Uingereza.

Ile desturi ya Amerika Kaskazini ya timu mbili kubadilishana wachezaji haikupata udongo mzuri London, na sababu mojawapo ilikuwa umiliki. Wembley ilikuwa na timu mbili, Lions na Canadians, na Harringay nayo mbili, Greyhounds na Racers, kila jozi chini ya paa moja, kiasi kwamba kumhamisha winga kutoka timu moja hadi nyingine kulikuwa uamuzi wa nyumba moja kuliko biashara baina ya mahasimu.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia umati ulirudi, lakini Ligi ya Taifa iliunganishwa na ya Uskoti mwaka 1954, na ligi mpya ikafa mwaka 1960. London ilipopata tena timu kubwa mwaka 1998, nayo ni London Knights, hukumu ya Bosman ya mwaka 1995 ilikuwa imekwisha kuwaruhusu wachezaji wa Umoja wa Ulaya wanaomaliza mikataba kuondoka bila ada. Knights walitwaa ubingwa wa mchujo mwaka 2000 na kuvunjika mwaka 2003, na katika miaka hiyo mitano Mkanada mwenye babu Mwingereza au haki ya pasipoti ya Ulaya aliendelea kuwa rahisi kusajiliwa kuliko mwenzake mwenye mabao mengi zaidi aliyehitaji kibali cha kazi.