Walipobeti Miguu ya Wenzao

Newmarket, mji mdogo ulio kaskazini-mashariki ya London, ni mji wa farasi. Tangu karne ya 17 wafalme wa Uingereza walikuwa wakienda huko kutazama mbio na kupoteza fedha. Lakini katika kiangazi cha mwaka 1809 umati uliofurika kwenye uwanda wake haukufuata farasi. Ulikwenda kumtazama mtu akitembea.

Mtu huyo alikuwa Kapteni Robert Barclay Allardice, mwenye mashamba makubwa huko Ury, Uskoti. Alikuwa na umri wa miaka 29. Alikuwa amewekeana dau na James Wedderburn-Webster kwamba atatembea maili 1,000 kwa saa 1,000 mfululizo, maili moja ndani ya kila saa, usiku na mchana. Dau lilikuwa gini 1,000 za dhahabu, yaani ujira wa kibarua wa shamba wa zaidi ya miaka 20. Na hilo lilikuwa dau la wawili hao tu. Mabwana waliokuwa pembeni waliwekeana yao, na jumla yake ilitajwa kuwa kubwa mara nyingi zaidi.

Ukiisikia haraka, kazi yenyewe inaonekana ya mtoto. Maili moja ni kilomita 1.6, mtu mzima mwenye afya huimaliza kwa dakika ishirini au chini ya hapo. Ugumu uko kwenye usingizi. Saa 1,000 ni siku 41 na saa 16, na katika muda wote huo hakuna usiku hata mmoja wa kulala hadi asubuhi. Barclay alilijua hilo akalipigia hesabu: alitembea maili moja mwishoni mwa saa, kisha papo hapo akatembea nyingine mwanzoni mwa saa inayofuata. Kwa njia hiyo alipata kama saa moja na nusu ya kupumzika kila mara. Hila hiyo haikuvunja sharti lolote.

Usiku njia yake ilimulikwa kwa taa zilizotundikwa kwenye nguzo, na yeye mwenyewe alitembea na bastola. Hakuwa akiogopa wezi. Aliogopa wale ambao wangefilisika iwapo angefika mwisho. Alianza tarehe 1 Juni akiwa na kilo 84 hivi. Alipomaliza tarehe 12 Julai alikuwa na 70. Fedha akazipata, akalala, na baada ya siku chache akawa safarini kwenda vitani Uholanzi.

Barclay hakuwa wa kwanza. Katika karne ya 17 kila bwana mkubwa wa Uingereza alikuwa na matarishi waliokimbia kando ya gari lake la farasi, na mabwana hao hawakuchelewa kuanza kubishana tarishi wa nani ana kasi. Mwaka 1663 Samuel Pepys aliandika katika shajara yake kwamba London nzima ilikuwa ikizungumzia mbio kati ya tarishi wa Mtawala wa Richmond na fundi mmoja wa vigae. Hata Mfalme Charles wa Pili aliweka fedha zake. Fundi vigae akashindwa.

Miaka mia moja baadaye akatokea Foster Powell, karani wa mawakili. Mwaka 1773 alitembea kutoka London hadi York na kurudi, maili zipatazo 400, kabla siku sita hazijaisha, kwa dau la gini 100. Alirudia safari hiyo alipokuwa na umri wa karibu miaka 60 na akaimaliza kwa muda mfupi zaidi. Alifariki mwaka 1793, na hakuacha mali. Hiyo ndiyo iliyokuwa kawaida ya mchezo huu: mtembeaji alipata sifa, na fungu nono likabaki kwa waliokaa vitini.

Hata hivyo, watu wa kamari walifanya jambo ambalo wapenda michezo wa leo hawapendi sana kulikiri. Kabla ya fedha kuingia, hakuna aliyehangaika kupima njia kwa mnyororo, kuweka waamuzi wa zamu wala kuandika muda kwa dakika na sekunde. Anayetaka kulipwa hutaka ushahidi, na anayetakiwa kulipa hutaka ushahidi zaidi. Rekodi za michezo, ambazo leo tunazichukulia kama kitu kitakatifu, kwa sehemu kubwa zilizaliwa kwenye ugomvi wa madeni.

Serikali nayo haikuwa na raha. Mwaka 1815 George Wilson alianza kutembea maili 1,000 kwa siku 20 huko Blackheath, London. Umati ukawa mkubwa, wauza pombe wakajaa, na mahakimu wakaamua kwamba amani ya mtaa imevurugika. Siku ya 15, akiwa amekwisha kumaliza maili 750, wakamkamata. Hakuwa amemgusa mtu. Kosa lake lilikuwa kutazamika.

Jaribio la Barclay likawa kipimo cha kila aliyejiona ana miguu. Mwaka 1864, huko Bradford, mwanamke aitwaye Emma Sharp aliahidi kulirudia: maili 1,000, saa 1,000. Wengi waliweka fedha zao upande wa kwamba atashindwa. Waliona mwanamke hawezi. Siku zilipopita na yeye bado anatembea, waliobeti dhidi yake wakaanza kuhangaika, na hofu ikazuka kwamba chakula chake kitatiwa dawa. Mwishoni alitembea na bastola mkononi huku polisi waliovaa kiraia wakimlinda. Akamaliza. Kwa fedha alizopata alianzisha biashara ya mazulia.

Kwa Marekani, mambo yalichochewa na uchaguzi wa rais. Mwaka 1860 kijana Edward Payson Weston alibishana na rafiki yake kwamba Abraham Lincoln atashindwa. Atakayekosea angetembea kutoka Boston hadi Washington kwa siku 10 awahi kuapishwa kwa rais. Lincoln akashinda, Weston akafunga viatu. Alipita kwenye theluji na matope, akaingia Washington tarehe 4 Machi 1861 akiwa amechelewa kwa saa chache. Kiapo kilikwisha kuliwa. Lakini jina lake lilikwisha kusambaa magazetini, na mwaka 1867 alitembea kutoka Portland, Maine, hadi Chicago kwa dola 10,000.

Mpinzani wake mkubwa alitoka chini kabisa: Daniel O'Leary, mhamiaji wa Ireland aliyekuwa akiuza vitabu nyumba kwa nyumba Chicago. Mwaka 1875 alimshinda Weston kwa maili 503 dhidi ya 451, ndani ya siku sita. Kwa nini sita? Kwa sababu ya saba ilikuwa Jumapili. Mbio zilianza baada ya saa sita usiku wa kuamkia Jumatatu na kwisha Jumamosi usiku.

Mwaka 1878 Sir John Astley, mbunge wa Uingereza na mcheza kamari asiyejificha, alitoa mkanda wa ubingwa wa dunia. O'Leary akaushinda London kwa maili 520. Mchezo ukahamia katika kumbi kubwa, hasa ule wa New York uliokuja kuitwa Madison Square Garden. Humo watembeaji walizunguka na kuzunguka kwenye udongo uliochanganywa na unga wa mbao, katika moshi mzito wa sigara, huku hema zao za kulala zikiwa kando ya njia na wapokea madau wakipiga kelele hadi alfajiri. Huko Brooklyn, Mwingereza Ada Anderson alitembea robo maili kila robo saa, mara 2,700 mfululizo, akamaliza Januari 1879.

Aprili 1880 ukumbi huo wa New York ulishuhudia jambo ambalo viwanja vingi vya Marekani visingeliruhusu. Frank Hart, kijana Mweusi mzaliwa wa Haiti aliyewahi kufanya kazi dukani Boston, alifundishwa na O'Leary mwenyewe na akashinda kwa maili 565, rekodi ya dunia wakati huo. Mapato yake yalihesabiwa kwa maelfu ya dola. Si kwamba ubaguzi ulikuwa umetoweka. Wengi walimshangilia kwa sababu walikuwa wamemwekea fedha, na aliyekuwekea fedha hukutakia mema, angalau hadi Jumamosi usiku.

Dau hilohilo ndilo lililoutia mchezo doa. Mwaka 1882 Charles Rowell wa Uingereza alimaliza maili 300 kwa kasi ambayo hakuna aliyewahi kuiona, kisha akapewa kikombe, akakigugumia, kumbe ni siki. Tumbo likamvuruga, akaacha mbio, na George Hazael akashinda kwa kufikisha maili 600. Ilisemekana ni bahati mbaya. Waliopoteza fedha hawakuamini, na kila tukio la namna hiyo lilipunguza watu mlangoni. Baiskeli zilipoingia katika kumbi zilezile, zikiwa na mwendo mkali na ajali za kutazama, mtu anayetembea akawa anachosha.

Weston mwenyewe aliendelea kutembea. Mwaka 1909, akiwa na miaka 70, alitoka New York hadi San Francisco kwa miguu kwa siku 104. Mwaka 1927 aligongwa na teksi New York, na miaka miwili baadaye akafariki.

Rekodi kubwa kuliko zote iliwekwa mchezo ukiwa tayari unakufa. Mwishoni mwa 1888 George Littlewood wa Sheffield alikwenda maili 623 na robo tatu kwa siku sita ndani ya Madison Square Garden, zaidi ya kilomita 1,000. Ilidumu karibu miaka 96, hadi Mgiriki Yiannis Kouros alipoivunja mwaka 1984, pia New York.