Nzige wanafuata nini? Kompyuta yasaidia kujibu

Mwezi wa pili 2020, nzige wa jangwani waliingia Ituri, wachache tu, kando ya Ziwa Albert. Ilikuwa mara ya kwanza inchi yetu kuwaona tangu 1944. Wakati ule Kenya, Ethiopia na Somalia walikuwa wanapambana na makundi makubwa. Kundi lenye kilometa moja ya mraba linaweza kula kwa siku moja chakula cha watu 35.000 hivi.

Swali lenyewe

Mbele ya kuota mabawa, watoto wa nzige wanatembea chini, maelfu kwa maelfu, wote upande mmoja. Wanapatana namna gani? Kwa miaka mingi wachunguzi walifikiri kila mmoja anaiga mwendo wa jirani zake, na kwamba wakiwa wengi sana kundi linanyooka lenyewe.

Mwaka 2020 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, kati yao Iain Couzin, walifuata nzige hao Samburu, kaskazini mwa Kenya. Waliona kama nzige asiyeona anapoteza mwendo wa kundi. Asiyesikia harufu anaendelea vizuri. Basi, jibu liko ndani ya macho.

Nzige ndani ya dunia ya picha

Kisha wakatumia uhalisia pepe, ni kusema dunia isiyo ya kweli ambayo kompyuta inatengeneza. Nzige mmoja anawekwa katikati ya picha za nzige wengine wanaotembea. Kamera inamfuata, na akisogea kidogo tu, kompyuta inabadilisha picha palepale, kusudi aone kama vile angeona shambani.

Wakamweka katikati ya makundi mawili ya picha, yote yakienda upande mmoja. Kama angekuwa anaiga, angenyoosha mbele pamoja nayo. Hapana: aligeuka na kuelekea kundi moja. Ni kusema anachagua wenzake anaowaona, na kuwaendea. Matokeo yalitoka katika gazeti la Science mwezi wa pili 2025.

Juu ya nini inatuhusu?

Nzige wanapigwa kwa urahisi zaidi wakingali watoto, mbele ya kuruka. Lakini lazima kujua watapita wapi. Hesabu zilizojengwa juu ya wazo la kuigana zinapaswa kutazamwa upya, kusudi wakulima na wenye kupiga dawa wapate habari mapema.