Kuhama na Kuhamishwa: Kitenzi Kimoja katika Historia ya Garissa

Mwenyeji wa Mombasa asemapo amehama nyumba, maana yake ni kwamba nyumba imebaki na yeye ameondoka. Kwa mfugaji Msomali wa Garissa mambo huwa kinyume. Aqal, nyumba yake ya miti iliyopindwa na mikeka, hujengwa na wanawake, nao ndio waibomoao na kuipakia juu ya ngamia. Nyumba husafiri pamoja na wenyewe. Kibakicho ni malisho na visima, ambavyo watavirudia majira yakigeuka. Msafara huo Kisomali huuita geeddi, na tendo lenyewe guur. (Kufanana kwa guur na gura ya Kiswahili kusimshawishi mtu kudai ukoo, sauti chache hazithibitishi nasaba.)

Kiswahili kilipotaka kulieleza jambo hili kilirudufu kitenzi: kuhamahama. Lakini urudufishaji wa namna hiyo, mathalani katika tangatanga na yumbayumba, aghalabu hudokeza kukosa mwelekeo. Hivyo mfugaji akijuaye kila kisima cha kwao ameingia katika lugha ya taifa kama mtu asiye na kwao, na kosa hilo si la msamiati tu.

Hali ya hatari ilitangazwa Kaskazini Mashariki mwishoni mwa Desemba 1963, hata mwezi haujatimia tangu uhuru. Katika vita vya washifta vilivyofuata, serikali iliwakusanya wafugaji katika vijiji vyenye ulinzi kuanzia mwaka 1966. Hapo hama ikawa hamishwa. Kiambishi -ish- chaonyesha kwamba yuko aliyesababisha. -W- chamwondoa mara moja katika sentensi. Pengine umbali wenyewe haukuzidi ule wa geeddi ya kawaida, ila safari hii nyumba ilikatazwa kusafiri tena. Malisho ya karibu yakaisha, mifugo ikafa, na wengi wakaishia pembezoni mwa miji. Mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967 yalimaliza vita; sheria za hali ya hatari zilidumu hadi 1991.

Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, askari waliuteketeza mtaa wa Bulla Kartasi. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika hayo katika ripoti yake ya 2013.

Leo Iftin, jina lenye maana ya mwanga, ni wadi ya mji huohuo. Mpangaji atokaye hapo kwenda mtaa wa pili atasema “nimehama”, sawasawa na mtu wa Mombasa. Aliyefungiwa kijijini mwaka 1966 atasema “tulihamishwa”, na sarufi haimlazimishi kutaja na nani.