Uzi: Chumvi ya 1978, unga wa 2012, na lebo tunazobishania leo

Kila msimu wa siasa lazima mtu asimame jukwaani aseme, "Serikali haiwezi kuniambia nile nini." Wa upande ule mwingine anajibu kwamba watu wanaisha na sukari na presha, kwa hivyo tuweke lebo. Wote wanapigiwa makofi. Mimi nataka turudi nyuma kidogo, kwa sababu haya mabishano yana historia hapa kwetu, na historia yenyewe inaanza na chumvi.

Waulize wazee wa sehemu za milimani kuhusu rovu, ule uvimbe wa shingoni. Haukuwa uchawi. Mvua za miaka mingi huosha iodini kwenye udongo wa nyanda za juu, na chakula kinachomea hapo hukosa madini hayo. Shingo ndiyo ilionekana, lakini hasara kubwa haikuonekana: mama mjamzito akikosa iodini kabisa, ubongo wa mtoto unaweza kuumia kabla hajazaliwa.

Mwaka 1978, kanuni zilizo chini ya Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali (Sura 254) zikafanya iodini kuwa lazima kwenye chumvi ya kula. Mwaka 1988 kiwango kikaongezwa. Hakuna aliyekuja kwako kukuuliza kama unataka. Kufikia utafiti wa kitaifa wa afya wa 2008–09, zaidi ya nyumba 9 kati ya 10 zilikuwa na chumvi yenye iodini. Kwa hivyo huyo anayesema serikali haijawahi kuingia sufuria yake, akaangalie mkebe wa chumvi jikoni.

Kwa nini ilifaulu? Chumvi yetu nyingi hutoka kwenye viwanda vichache pwani ya Kilifi, pande za Gongoni na Marereni. Mkaguzi akisimama kwenye malango hayo machache, amefikia karibu kila jiko nchini. Halafu chumvi kila mtu hununua, tajiri na maskini, na hakuna anayehitaji kusoma chochote ndiyo imsaidie.

Sasa njoo 2012. Sheria ikasema unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani uongezwe madini na vitamini, kama chuma, zinki na asidi ya foliki, na mafuta ya kupikia yawekwe vitamini A. Wazo lilikuwa lile lile la chumvi. Lakini unga si chumvi. Ukipanda mahindi yako Trans Nzoia, unabeba debe hadi kwa posho mill, unasaga, unarudi nyumbani. Hapo hakuna paketi, hakuna nembo, na mwenye mashine hana kifaa cha kupimia vitamini. Mtaani nako mafuta ya salad yanapimwa kwa chupa. Lebo utaibandika wapi?

Na kuna kichekesho hapa. Unga wa grade 1, ule mweupe tunaoupenda, umekobolewa na kutolewa kiini na makapi, na virutubishi vingi vikaenda na makapi kulisha ng'ombe. Kisha sheria inamwambia mwenye kiwanda arudishe baadhi. Ule wa posho mill ambao haukukobolewa ulikuwa navyo bado.

Usinielewe vibaya, posho mill haikulindi na kila kitu. Mwaka 2004, sumukuvu kwenye mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu iliua watu 125 kati ya wagonjwa 317 waliorekodiwa, wengi wao Ukambani, na mengi yalikuwa mahindi ya shambani kwao. Na paketi nayo? Novemba 2019, Shirika la Viwango lilipiga marufuku chapa tano za unga kwa sababu ya sumukuvu hiyo hiyo. Zilikuwa madukani, zina nembo ya ubora, watu wanakula.

Siku hizi mjadala umehamia mbele ya paketi: alama za kuonya kuhusu sukari, chumvi na mafuta mengi. Chile walianza na zao nyeusi za pembe nane mwaka 2016, na nyingi ya kelele za viwanda unazosikia hapa zilisikika kule kwanza. Mimi naunga mkono alama hizo. Mwongozo wa kitaifa wa lishe bora tunao tangu 2017, na tuseme ukweli, ni wangapi kwenye hii timeline wameufungua? Alama kubwa unaiona hata ukiwa na haraka, na mtoto analia dukani.

Lakini alama itamfikia anayenunua paketi. Wa kupima kwa chupa na wa debe, bado. Hapo ndipo Katiba ya 2010 inaingia. Jedwali la Nne linaipa kaunti kazi ya kutoa leseni na kusimamia wanaouzia umma chakula. Viwango vinawekwa Nairobi, lakini afisa wa afya ya umma wa kupita sokoni analipwa na kaunti yako. Kwa hivyo yule wa jukwaani akimaliza hotuba ya "nile nini", muulize kaunti yake ina maafisa wangapi wa afya ya umma, na mara ya mwisho walipima mahindi ya soko gani.